Kazi ya Kuwauliza Watu

Mnakuja kibarazani kwangu wawili wawili, mmevaa sare za shule, na swali lenu ni lile lile. "Mama Zaina, tutapata wapi nafasi ya kufanya pesquisa?" Nikiwauliza pesquisa ya nini, utafiti juu ya jambo gani, mnatazamana. Mmoja husema mazingira. Mwingine husema lolote, bora liwe na cheti. Mmesikia kwamba wanaotoa bolsa, ule ufadhili wa kwenda universidade, chuo kikuu, siku hizi hawatazami alama peke yake, wanataka mtu aliyeshika kazi ya utafiti angali sekondari. Tena mmeambiwa kwamba yule mwanamke mwenye nyumba karibu na porto, bandari yetu ya Mocímboa, alifanya kazi hiyo mpaka akazeeka nayo.

Ni kweli, nimezeeka nayo. Basi kaeni. Nitawajibu, ila jibu langu si fupi wala si tamu. Anayetaka cheti tu anaweza kwenda zake sasa hivi, sitakasirika.

Kwanza mnielewe. Mimi sikuwa mtafiti. Watafiti walitoka mbali, maswali yao yameshachapwa kwa Kireno, na mimi nilikuwa mtu wa kuyafikisha maswali yale mpaka mlangoni mwa watu na kurudi na majibu. Nimeuliza juu ya malaria, juu ya visima, juu ya samaki, juu ya mihogo inayooza ardhini. Nimeuliza watu habari za vyoo vyao huku nikiwa nimevaa viatu vizuri, jambo ambalo sasa nikilikumbuka naona aibu kucheka. Vijijini walituita watu wa maswali. Mbwa walikuwa wanatujua.

Aliyenifundisha kazi ni Senhor Nkapoka, Mmakonde kutoka Mueda, mtu mrefu mwenye baiskeli iliyokuwa fupi kwake. Alikuwa na amri moja, na hiyo ndiyo ya kwanza ninayowapa ninyi bure: usimuulize mtu ukiwa umesimama. "Ukisimama, wewe ni polisi," alikuwa akisema. "Ukikaa chini, wewe ni mgeni. Polisi hudanganywa. Mgeni hujibiwa."

Siku yangu ya mwanzo alinipeleka Awasse, pale njia panda. Swali la kwanza lilikuwa la kutaka jina la mkuu wa nyumba. Nikakaa chini kama nilivyoambiwa, nikamkabili mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyekalia kiti pekee kilichokuwepo uani.

"Baba, mkuu wa nyumba hii ni nani?"

"Mama mkwe."

Nikaona hakunielewa. "Nauliza yule mwenye kuamuru, baba."

"Ndiye huyo huyo."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nimeoa tu hapa."

Senhor Nkapoka alicheka mpaka akaishikilia baiskeli isimwangukie. Mimi nilitaka kuandika jina la mzee, maana swali lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye kwao mkuu wa nyumba ni mwanamume. Nkapoka akanizuia mkono. "Andika alichosema," akaniambia. "Ukianza kumsaidia kujibu, rudi nyumbani ukajiulize mwenyewe, tuokoe na safari."

Nilijifunza mengine kwa kukosea. Mama wa pwani usimuulize ana watoto wangapi. Atakwambia Mungu amemjalia, na hapo amefunga mlango, kwa sababu kuwahesabu watoto mbele ya mgeni ni kuwaitia balaa. Muulize wa kwanza anaitwa nani, halafu aliyemfuata, halafu aliyemfuata huyo, uhesabu wewe kimoyomoyo. Waliokufa uwaulize mwisho kabisa, na usiulize huku unatazama saa. Mwanamume naye usimuulize habari za shamba mbele ya shemeji zake. Na mtu akinyamaza, nyamaza naye. Vijana wengi huogopa kimya, hukijaza maneno, kumbe jibu lilikuwa njiani.

Hayo ndiyo maarifa yangu. Nilidhani ni maarifa mema, ya kumsaidia mtu asikike. Halafu ikaja gesi.

Ninyi mmezaliwa mmeikuta habari yake, hamjui pwani hii ilivyopinduka ghafla. Ilitangazwa redioni kwamba chini ya bahari yetu mna utajiri usio na kifani, na kabla hatujajua gesi inafananaje, magari meupe yalishajaa kwenye njia ya mchanga ya kwenda Palma. Vyumba vilipanda kodi. Samaki akapanda bei, akawa anapita mlangoni petu kwenda kuliwa na wageni. Na maswali! Sijapata kuona maswali mengi namna ile. Kila wiki kundi jipya lenye vitambulisho shingoni, kila kundi na karatasi zake. Mzee mmoja kule Palma aliniambia, "Mwenzako wa juzi nilimwambia nina mbuzi. Wewe leo nikwambie nini, amekufa?"

Ndipo akaja Doutor Renato. Alikuwa mkuu wa kundi moja la utafiti lililoajiriwa na wenye mradi wa gesi wachunguze maisha ya watu wa vijiji vya ghubani, wale ambao ardhi yao ilikuwa inatakiwa. Alikuwa mtu mpole, kijana bado, mwenye miwani na Kireno cha mji mkuu. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlishike hilo, maana mnangoja nimtukane. Aliniweka niwe msimamizi wa waulizaji. Akasema anataka wanafunzi wa sekondari wanaojua Kiswahili, Kimwani na Kimakonde, kwamba watapata mafunzo ya pesquisa, watapata cheti, na atakayefanya vizuri kuliko wote atapendekezwa kupewa bolsa.

Habari ilipofika shuleni palikuwa vurugu. Wazazi walinifuata sokoni. Walileta kuku, walileta salamu za watu nisiowakumbuka. Watoto walikuja wamenyoosha nguo, wakasimama mbele yangu mikono imekunjwa kifuani, wakasema wao ni wanafunzi wenye bidii. Wote walisema bidii. Nilipowauliza mnataka kujua nini, walitazamana kama ninyi mlivyotazamana leo.

Isipokuwa Atija.

Atija Sumail alikuwa darasa la kumi na moja, msichana mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha uinamishe kichwa ili umsikie. Kwao ni kijiji kimoja cha ghubani, ng'ambo ya Palma. Hapa Mocímboa alikaa kwa shangazi yake ili asome. Yeye hakukunja mikono. Aliketi kwenye kibaraza, akasema, "Mama, mimi nimeanza tayari."

"Umeanza nini?"

"Wasichana wa darasani kwetu wanasinzia. Mwalimu anasema ni uvivu. Mimi nikawa nawauliza kila asubuhi, umekula nini na umeamka kufanya nini. Wanaosinzia ni wale wanaoteka maji kisima cha mbali kabla ya kuja. Wavivu wa kweli hawasinzii, Mama. Wanapiga soga."

Nilicheka, nikamchukua pale pale. Na hilo ndilo jibu la swali lenu, kama mtaniuliza njia. Usiende kwa mtu kuomba utafiti ukiwa mtupu. Nenda na jambo ulilokwisha kulichungulia mwenyewe, hata liwe dogo, hata liwe la kisima. Mtu wa kazi akikuona una swali lako, atakutafutia nafasi. Akikuona una bidii tu, atakutuma maji ya kunywa.

Tukaenda Palma. Pamoja na Atija alikuwepo Celestino, kijana wa kutoka bara, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri na Kireno kilichonyooka, na wengine ambao sitawataja. Doutor Renato aliwafundisha siku chache ndani ya chumba cha joto. Alisisitiza sana kwamba swali lisibadilishwe hata neno, kwa sababu kila mtu lazima aulizwe sawasawa. Hapo alikuwa na haki yake, ndivyo kazi ilivyo. Kisha tukaingia vijijini.

Kijiji cha kwao Atija kilikuwa cha minazi na nyumba za udongo. Bahari ikitoka pale, hutoka mbali sana, ikaacha uwanja mpana wa matope, mawe na nyasi za baharini. Wanawake hushuka na vikapu na vyuma vyao, kapulana, zile kanga zetu, zimefungwa juu ya magoti, wakachokoa chaza, kome na pweza wadogo. Atija alilelewa na uwanja ule. Mama yake alikufa yeye akiwa mdogo, na bibi yake, Bibi Mwaziza, alimkuza na kumlipia shule kwa chaza wa kukausha.

Swali mojawapo lilikuwa: unafanya kazi gani? Na wanawake wote, nyumba baada ya nyumba, walijibu neno moja. Sina kazi.

Atija alipofika kwa bibi yake, akamuuliza kama alivyomuuliza kila mtu, kwa karatasi na kalamu, na bibi naye akajibu, "Sina kazi." Nilikuwa nimeketi pembeni nikisikiliza. Atija aliandika, halafu akaweka kalamu chini.

"Bibi, mbona umesema huna kazi? Na mimi nimekula nini miaka yote?"

"Kazi ni ya mshahara, mjukuu wangu," akasema Bibi Mwaziza. "Umeniuliza kazi. Hukuniuliza nakulaje."

Siku ile jioni Atija hakula vizuri. Kesho yake akaja na ombi. Maswali ya Doutor atayauliza yote, bila kubadili neno, lakini mwishoni aruhusiwe kuongeza moja la kwake: jana mlikula nini, na kilitoka wapi? Nikamwambia ongeza. Senhor Nkapoka angekuwepo, angemruhusu.

Basi likawa kama amefungua mlango wa ghala. Wanawake waliojibu kwa neno moja wakaanza kuzungumza. Walimwambia sehemu zote za ule uwanja kwa majina, sehemu ya chaza wakubwa, sehemu ya watoto kujifunzia, sehemu ambayo huachwa ipumzike mpaka bamvua ya mwezi mwingine. Walimwambia ni nani hula kwa nani bahari inapokuwa mbaya. Mjane mmoja alimwambia kwamba tangu mumewe afe hajawahi kununua kitoweo. Atija alirudi kila siku ameandika mpaka pembeni mwa karatasi. Celestino alikuwa akimtania, "Wewe unaandika mapishi?" lakini naye baada ya siku mbili akaanza kuuliza swali lile lile, kwa sababu alikuwa kijana mwerevu na aliona watu wanavyochangamka.

Doutor Renato alipozisoma karatasi zile aliondoa miwani. Alimwita Atija mbele yetu wote, akamwambia, "Hii ndiyo pesquisa. Nimesoma miaka mingi kufika hapa ulipofika wewe." Alisema maneno yale kwa moyo, nilimtazama usoni. Akasema sehemu yote juu ya ule uwanja wa chaza itaingia kwenye ripoti. Atija alikaa chini, akaficha uso ndani ya mtandio. Alikuwa anacheka. Nadhani ile ndiyo saa aliyokuwa na furaha kuliko zote nilizowahi kumwona nazo, na ndiyo sababu inanichoma.

Siku chache baadaye walikuja wahandisi wa mradi, tukala nao chakula cha mchana. Mmoja wao, mtu mzima, mchangamfu, alikuwa amesikia habari za yule mwanafunzi hodari. Akampongeza. Atija, kwa kuwa alikuwa amepata moyo, akamuuliza, "Kwa hiyo sasa mtasogeza gati? Maana ninasikia gati litakuwa upande ule wa chaza."

Mhandisi alicheka, kwa wema kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto wake. "Gati haliwezi kusogea, binti. Kina cha bahari ndicho kinachoamua. Mahali pake palishapangwa zamani, kabla ninyi hamjaanza kuuliza."

"Kabla hatujaanza?"

"Kabla kabisa. Kazi yenu ni nzuri, lakini ni ya mambo mengine. Ya kupanga namna ya kuwahamisha watu vizuri."

Akaendelea kula. Doutor Renato alitazama sahani yake. Mimi nilikuwa mtu mzima, nilikuwa nimefanya kazi hii zaidi ya umri wa mtoto yule, na niliona kwamba nilikuwa nimewafundisha watoto wazuri kuwa wapole milangoni mwa watu kwa ajili ya jambo ambalo lilishaamuliwa. Atija aliinuka. Aliosha mikono, akatoka nje.

Kisha ukaja mkutano wa kijiji. Hema kubwa jeupe, viti vya plastiki, chupa za maji mezani kwa wakubwa. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka ingawa viti vilikuwa vitupu. Wenye mradi walikuwepo, watu wa serikali walikuwepo, na wale wa bolsa walikuwepo pia, wamekaa mstari wa mbele. Doutor Renato alimchukua Atija pembeni, nami nikiwa karibu.

"Utazungumza kidogo tu," alimwambia. "Wewe ni mtoto wa hapa, watakusikiliza. Waambie kwamba kila nyumba iliulizwa, kila mtu alisikilizwa. Hilo ni kweli, siyo?"

"Ni kweli, Doutor."

"Basi. Na hao wa bolsa wanataka kukuona."

Atija akanitazama mimi. Akaenda akashika maikrofoni, na kwa mara ya kwanza sauti yake ndogo ikasikika mpaka nje ya hema.

"Asalamu aleikumu. Mnanijua, mimi ni Atija wa Sumail, mjukuu wa Bibi Mwaziza. Niliingia nyumba zenu zote. Niliwauliza mnalala wangapi, maji mnateka wapi, jana mlikula nini. Mlinijibu, hamkunificha kitu. Ni kweli mliulizwa."

Doutor Renato alitikisa kichwa kukubali. Mmoja wa wakubwa akaanza kupiga makofi. Atija hakuondoka.

"Lakini sikuwauliza kama mnataka kuhama. Sikuwauliza kwa sababu swali hilo hakuna aliyenipa. Halikuwamo. Na gati lilishapangiwa mahali pake kabla sijabisha hodi kwa mtu. Basi msije mkaambiwa baadaye kwamba Atija aliwauliza na mkakubali."

Yakawa makelele. Mwanamume mmoja mwenye suti alisogea akamtoa maikrofoni mkononi, akasema kwa kicheko kwamba msichana amechoka na jua. Wakamtafuta mwanafunzi mwingine. Celestino akasimama. Alisema kila nyumba iliulizwa, kila mtu alisikilizwa, akashukuru, akakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Ninyi sasa mnadhani wanakijiji walimbeba Atija mabegani. Baadhi ya wanawake walilia, ni kweli, na mjane yule alikuja akamshika mikono. Lakini mjomba wake alimfokea mbele ya watu. "Umetuharibia!" alisema. "Wenzetu wanangoja nyumba za matofali, wanangoja kazi kwa watoto wao, wewe unaleta maneno ya shule!" Na hakuwa peke yake. Walikuwepo waliotaka kuhama. Wangeulizwa, labda wangesema ndiyo. Hilo nalo hatutalijua kamwe.

Bolsa ilimwendea Celestino. Simlaumu, na Atija hamlaumu. Alikuwa mtoto wa watu maskini, alikuwa hodari, na alisema maneno aliyopewa, ambayo yalikuwa ya kweli kila moja. Hata leo hunipigia simu sikukuu. Huanza kwa kunichekesha, halafu kabla hajakata huuliza, "Atija hajambo?" Nami humwambia hajambo.

Doutor Renato alimwandikia Atija cheti kama wengine. Sehemu ya chaza iliingia kwenye ripoti kama alivyoahidi, nzuri, imeandikwa vizuri kuliko zote, na chini yake imeandikwa kwamba jambo hili litazingatiwa. Mimi sikuitwa tena na kundi lile, wala na kundi jingine lolote la mambo ya gesi. Ndivyo nilivyostaafu. Hakuna aliyeniaga.

Atija alimaliza darasa la kumi na mbili kwa alama ambazo mngezitamani, akarudi kukaa bila kazi. Halafu vita vikatukuta, na ninyi wenyewe mnajua, kila mmoja wenu alikimbia na mtu fulani. Leo Atija ni mwalimu wa shule ya msingi huko Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, na darasa lake lina watoto waliojazana mpaka mlangoni. Nilipomwambia kwamba wanafunzi wanakuja kwangu kuuliza habari za pesquisa, alisema, "Waambie ukweli, Mama, lakini usiwakataze."

Basi siwakatazi. Nafasi zipo. Nendeni pale samaki wanaposhushwa, kuna watu wa uvuvi wanaopima samaki, nao wamechoka na wanahitaji macho. Nendeni asubuhi, msiende saa ya kula. Nendeni kituo cha afya, mwombeni nesi awaonyeshe ugonjwa gani unakuja baada ya mvua gani. Mwulizeni mwalimu wa biolojia kile ambacho yeye mwenyewe hakijui, atawapenda. Andikeni jibu kwa lugha aliyolisema mtu kabla ya kuligeuza Kireno, kwa sababu likishageuzwa halirudi. Na akija mgeni mwenye gari akawachukua, jueni amewachukua kwa ajili ya ndimi zenu. Anataka milango ambayo ninyi mkibisha hodi inafunguka. Kabla hamjabisha, mwulizeni yeye kwanza, mkiwa mmekaa naye chini: jibu hili linakwenda wapi, na likiwa hapana, nini kitabadilika? Akiwaambia hilo si la ngazi yenu, mmeshajibiwa.

Mwaka ule walipohamishwa watu wa kijiji kile, nilikwenda na Atija Quitunda, kijiji kipya walichojengewa, kumtazama bibi yake. Nyumba ni za matofali kweli, zimepangwa mistari, bati linang'aa. Bibi Mwaziza alipewa moja, na shamba alipewa, mbali kidogo. Alikuwa amekaa mlangoni. Alitukaribisha ndani, akatupa ugali na samaki wa kopo, akaomba radhi kwa ajili ya yule samaki. Alisema nyumba haivuji. Alisema mara mbili, kama mtu anayetafuta jema la kusema mbele ya wageni.

Tukala. Yeye hakula sana. Baadaye akamgeukia mjukuu wake.

"Atija, lile swali ulilolisema hemani. Wangekupa, ungeniuliza?"

"Ningekuuliza, Bibi."

"Ningekwambia sitaki."

"Najua."

"Ungeandika kwamba sitaki?"

"Ningeandika vile vile ulivyosema."

"Halafu?"

Bibi Mwaziza alimngoja. Hakuwa anamsuta, alitaka kujua tu, kama mtu anayeuliza njia. Aliona mjukuu wake hajibu, akageuka akanitazama mimi, niliyezeeka nikiwauliza watu.